Mlango wa Kitambaa kwa Chumba cha Mama

Mama mkwe alipohamia kwetu Tanga akitokea Pangani, hakulalamikia chakula wala kelele za mtaa wetu wa Ngamiani. Alilalamikia mlango. Chumba tulichompa ni cha kwanza mkono wa kushoto ukiingia ukumbini, chumba kizuri chenye dirisha la upande wa barabara, na mlango wake ulikuwa wa mninga, mzito, wa kufungukia ndani. Ukifungwa, hewa inakatika. Ukiachwa wazi, kila anayepita kwenda uani anamwona mama kitandani. Na kwa magoti yake yale, mkongojo mkono mmoja, kuuvuta mlango huku anarudi nyuma ili umpishe ilikuwa kazi ya kumtoa jasho. "Mwanangu," aliniambia, "huu mlango unanikaba."

Tukauondoa, tukaweka pazia, kama zilivyo nyumba nyingi za kwetu. Pazia silidharau, mimi ni fundi cherehani na mapazia yamenilisha miaka mingi. Lakini pazia la mlangoni halimfai mzee asiye na nguvu. Nyumba yetu ni ya mtindo wa Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na upepo wa kusi ukiingia kwa barazani unapita moja kwa moja hadi uani. Ukipita hulijaza pazia na kulipeperusha, aliye ndani akabaki wazi. Halafu mtu anayetembea kwa mkongojo hulisukuma kwa bega, nalo humrudia miguuni. Nikawa nataka kitu chenye wepesi wa pazia na utulivu wa mlango: fremu nyembamba ya mbao iliyovishwa kitambaa, inayoning'inia kwenye reli na kuteleza pembeni kwa kusukumwa na kidole.

Niliutengeneza, na fundi seremala wa jirani akanisaidia pale mkono wangu usipofika. Baadaye nikatengeneza mingine. Mengi nitakayoeleza yanahusu kitambaa, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nakijua, na pia kwa kuwa nimeamini kwamba kwenye mlango wa aina hii kitambaa ndicho kinachoamua, mbao zinafuata.

Cha kwanza cha kukubali ni kwamba mlango huu utafuliwa. Utashikwa na mikono yenye mafuta ya nazi, utaingia vumbi la barabarani, masika yataupiga koga. Ukikigandisha kitambaa kwenye mbao kwa gundi au kukipigilia misumari pande zote, utakuwa na mlango mzuri wa miezi michache, kisha utakuwa na mlango mchafu ambao huna la kuufanya. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi kabla hajashika msumeno ni hili: kitambaa kitatokaje? Majibu ya maswali mengine yote, unene wa mbao, aina ya kiungo, reli, yalitoka humo.

Ndiyo maana kabla ya kununua ubao nilienda kwenye maduka ya vitambaa. Nilikuwa na jaribio moja la kufanya palepale dukani: shika kitambaa karibu na mdomo, weka kiganja upande wa pili, puliza. Pumzi ikifika kiganjani bila kuilazimisha, hewa ya ukumbini nayo itapita. Vitambaa vingi vizuri vya mapazia, vile vizito vinavyong'aa, vilishindwa hapo. Vimefumwa kwa nyuzi za plastiki na vingine vina utando mgongoni wa kuzuia mwanga. Ukivivisha mlango, chumba kitakuwa kimefungwa vilevile kama kwa mninga.

Iliyofaulu ni marekani. Ni pamba isiyopaushwa wala kutiwa rangi, bei yake haiumizi, na pwani yetu inaijua tangu karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipokuwa wakiishusha Zanzibar kwa majora. Inapitisha hewa, inavumilia kufuliwa kwa nguvu, na mwanga wa mchana ukipita ndani yake unalainika. Tatizo lake linaonekana usiku. Mchana aliye ukumbini haoni kitu, maana kwake kuna mwanga kuliko chumbani. Jua likizama mambo yanageuka: taa ikiwaka chumbani na ukumbi ukawa na giza, kitambaa chepesi kinamchora aliye ndani mwili mzima, akivaa, akivua, akiinama. Kwa mama yangu, mtu wa stara tangu ujana wake, hilo lisingekubalika hata siku moja. Kwa hiyo yeyote anayefikiria mlango wa namna hii naomba asilikwepe jaribio la pili: mwombe mtu asimame nyuma ya kitambaa usiku, taa iwe mgongoni mwake, nawe utazame kutokea gizani. Utakachokiona ndicho watakachokiona wageni.

Niliutatua hivi. Mlango niliugawa kwa mti wa kulala uliowekwa sentimeta 130 kutoka chini. Chini ya mti huo nilivisha tabaka mbili, marekani kwa upande wa chumbani na kaki nzito kwa upande wa ukumbini. Juu yake nikaacha marekani peke yake. Hapo juu ndipo hewa ya moto inapotokea, kwa sababu hewa ya moto hupanda, na hapo mtu aliyekaa kitandani hachorwi. Akisimama kinaonekana kivuli cha kichwa na mabega tu. Taa nayo tuliihamisha kutoka ukuta wa mbele na kuiweka upande uleule wa mlango, isiwe tena nyuma ya mtu, kivuli kikapungua zaidi. Kaki ya chini ina faida nyingine niliyoifurahia: wajukuu huegemea mlango, paka hujikunia kucha, watoto wadogo hupenda kudunga kidole mahali palipokaza. Kaki inastahimili yote hayo.

Wateja wangu wakiuona huniuliza kwa nini sikutumia khanga. Jibu langu ni kwamba khanga ina umbo lake. Ina urefu wa meta 1 na nusu hivi na upana wa meta 1 na kidogo, ina pindo pande zote nne, mji wake, yaani uwanja wa ndani, katikati, na jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa, chini. Mlango una urefu wa meta 2. Ukiisimamisha khanga haifiki, na jina litasomeka kwa kuinamisha shingo. Ukiilaza na kuikata ubavuni umeivunja pindo. Mimi sikati khanga. Kama unataka maua na rangi, chukua kitenge: kinauzwa kwa urefu unaoutaka, upana wake unazidi kidogo meta 1, na hakina pindo la kukatisha. Lakini chagua kile cha pamba tupu. Chenye mchanganyiko wa nailoni hulegea katikati baada ya muda, na kitambaa kilicholegea kwenye fremu kinaonekana vibaya kuliko pazia lolote.

Kisha fua kwanza. Hili nawaambia wanafunzi wangu wa cherehani kila siku na hapa lina uzito mara mbili. Marekani inatoka kiwandani na wanga ndani yake, unaoifanya iwe ngumu na nadhifu. Ukiifua wanga unatoka na nyuzi zinasinyaa. Pamba ikisinyaa kwa asilimia 5 tu, kwenye urefu wa meta 2 ni sentimeta 10. Sentimeta 10 kwenye gauni unaweza kuzificha. Kwenye fremu ya mbao hazina pa kujificha, ama kitambaa hakirudi mahali pake ama kinazivuta mbao zipinde. Mimi huiloweka usiku kucha, naifua kwa maji ya moto, naianika juani, naipiga pasi ikiwa na unyevunyevu, ndipo napima na kukata. Na nyuzi za urefu wa jora nazielekeza ziwe za urefu wa mlango, kwa kuwa ndizo zisizonyumbuka sana.

Sasa mbao. Tanga tuna bahati ya mtiki wa Longuza kule Muheza, na mtiki ni mti unaotulia. Pwani mbao hazikai kimya: masika hunywa unyevu na kunenepa, kaskazi ikivuma na jua likawa kali hurudi. Hunenepa kwa upana wake, urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mbao nyembamba basi ina usalama zaidi, maana upana wenyewe ni mdogo. Nilinunua za inchi 1 kwa 2, fundi akazipiga randa zikabaki sentimeta 2 kwa 4 na nusu hivi, nikazilaza ndani ya chumba chenyewe cha mama kwa wiki kadhaa kabla ya kukata. Fundi aliniunga mkono kwa hilo. Kuhusu kuchagua, alinifundisha kuinua ubao hadi usawa wa jicho, kufumba jicho la pili na kuutazama kwa urefu wake wote. Uliopinda upande mmoja unaweza kuvumilika. Uliojisokota, uache hapohapo dukani, hautanyooka kwa kuombewa. Asiyepata mtiki atumie paini. Ni nyepesi na rahisi kukata, ila akwepe vipande vyenye mafundo, maana kwenye ubao mwembamba fundo ndipo panapovunjika.

Nafasi ya mlango wetu ina upana wa sentimeta 85 na kimo cha meta 2. Fremu niliifanya ya sentimeta 95 kwa sentimeta 203, ili ikifungwa ikalie ukuta kwa sentimeta 5 kila upande na kuziba juu. Bila kukalia ukuta, mwanya wa pembeni utaonyesha chumba kizima, na hapo kazi yote ya kitambaa imepotea. Miti miwili ya kusimama, mitatu ya kulala. Kwenye kona, kila mti unakatwa nusu ya unene wake ili ulale ndani ya mwenzake, unapakwa gundi nyeupe ya mbao, unabanwa kwa skrubu fupi mbili. Fundi alitaka kutoboa tundu kwa patasi na kuchonga ulimi, na kwa mlango mzito angekuwa sahihi kabisa. Hapa nusu kwa nusu inatosha, na hata mtu asiye seremala ataiweza kwa msumeno wa meno madogo na subira.

Kabla gundi haijakauka pima kona kwa kona, halafu kona nyingine kwa kona nyingine. Vipimo viwili vikilingana fremu imenyooka. Visipolingana, sukuma kona iliyo ndefu mpaka vilingane, kisha acha pasiguswe hadi kesho. Kipimo hiki cha futi kinashinda jicho la mtu yeyote, na kwenye mlango wa kuteleza ndicho kinachoamua kama ukingo wa fremu utasimama sambamba na ukuta au utaonyesha kabari ya mwanga.

Kazi iliyonipa raha kuliko zote ni kuvisha. Kila kipande cha kitambaa nilikipiga pindo pana pande zote, pindo lenye mfereji wa sentimeta 4, na kona nikaziacha wazi. Ndani ya mfereji unapita ufito wa mbao, upana sentimeta 2 na nusu, unene milimita 6. Fito nne, moja kila upande, zinalala mgongoni mwa fremu kwa upande wa chumbani na kubanwa na vigingi vidogo vya mbao vya kuzungusha, kila kigingi na skrubu yake moja. Siku ya kufua unazungusha vigingi, fito zinaachia, unazichomoa kwenye mifereji, kitambaa kinaingia kwenye beseni. Hakuna kifaa kinachohitajika isipokuwa vidole. Nimeshona seti mbili ili chumba kisibaki bila mlango wakati nyingine iko kambani.

Kuna namna ya kukaza. Anza na ufito wa juu, uubane. Kisha wa chini, vuta taratibu, bana kigingi cha katikati kwanza ndipo uende pembeni. Ubavuni vilevile, katikati kwanza, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama wachoraji wanavyovisha turubai zao. Ukianzia kona utapata mikunjo ya mshazari isiyoondoka. Na usikaze kupita kiasi. Pamba ikiingiwa na unyevu hujikaza yenyewe. Ukiivuta kwa nguvu zako zote siku ya jua kali, siku ya mvua itaivuta miti ya kusimama iingie ndani na fremu itabonyea kiunoni. Ule mti wa kulala wa katikati, mbali ya kugawa kitambaa, ndio unaoizuia miti ya pembeni isikaribiane. Asiuache mtu yeyote kwa kutafuta urembo.

Mlango wote, kitambaa na mbao, haufiki kilo 5. Wepesi huo ndio unaoruhusu reli iwe ya kawaida. Nilitumia reli ya chuma yenye umbo la mfereji na magurudumu madogo yale ya milango ya makabati, mawili tu, moja karibu na kila kona ya juu. Reli iwe na urefu mara mbili ya upana wa mlango, ili ukifunguka wote ukae mbele ya ukuta. Pima hilo mapema, kwa sababu swichi ya taa, kabati la vyombo au fremu ya picha ya harusi inaweza kuwa imekaa palepale mlango unapotaka kwenda. Kwetu linta ya juu ya mlango ni ya zege na ukuta ni wa matofali ya saruji. Tukatoboa kwa keekee ya umeme, tukaweka plagi za kushikia skrubu ukutani na skrubu ndefu, lakini kwanza tukafunga ubao wa mtiki ukutani na reli tukaifunga kwenye ubao. Ubao unaisogeza reli mbele, mlango usikwaruze plasta, na kama tundu moja limetobolewa vibaya reli haijui. Hakikisha kwa pima maji kwamba ubao umelala sawa. Mlango mwepesi wenye magurudumu mazuri utaondoka wenyewe kuelekea kwenye mteremko hata kama mteremko huo jicho haliuoni.

Reli ya chini sikuweka, na hili nalisisitiza kwa kila mwenye mzee nyumbani. Mfereji sakafuni hujaa mchanga kwa siku chache, na Tanga mchanga hauishi. Ukijaa magurudumu yanakwama. Mbaya zaidi, ncha ya mkongojo hunasa humo, na mzee akianguka hainuki kirahisi. Badala yake, mti wa chini wa fremu una mfereji mwembamba uliochongwa tumboni, na sakafuni kuna kipande kimoja cha mbao ngumu chenye ulimi unaoingia humo. Kipande hicho kimefungwa pembeni mwa nafasi ya mlango, upande ambao mlango unakwenda kukaa, kwa hiyo mguu wa mtu haupiti hapo kamwe, na mlango daima uko juu yake, uwe wazi au umefungwa. Kusi inapuliza, mlango hautikisiki. Kwa kuwa mti wa chini wa fremu hauigusi sakafu, mchwa nao hawaupandi kirahisi.

Mwisho wa reli, huku na huku, kuna vizuizi vya mbao ili magurudumu yasitoke, na kila kizuizi kimegandishwa kipande cha kandambili iliyochakaa. Mlango ukifika unatulia bila kishindo. Kishikio ni kitanzi cha kamba ya katani kila upande, kwenye kimo cha sentimeta 90, kilichopitishwa kwenye tundu la mti wa kusimama na kufungwa fundo. Nilifikiria vishikio vya shaba vya dukani, vinapendeza sana, ila vidole vya mama vimekakamaa na shaba inateleza. Katani ina ukwaruzo wake, anaingiza mkono mzima kwenye kitanzi na kuvuta kwa uzito wa mwili. Tanga tumekaa juu ya katani tangu Wajerumani walipoileta Kikogwe, karibu na Pangani kwao mama, mwaka 1893, na bado inatufaa.

Kuna mambo ambayo vipimo havisemi. Kitambaa hakibishwi. Anayekuja anasimama ukumbini na kupiga hodi kwa mdomo, na aliye ndani anaitika karibu au subiri. Mtoto wangu wa kiume, aliyekuwa na tabia ya kugonga mlango wa mninga na kuingia papo hapo, sasa husimama kwanza. "Shikamoo bibi, hodi." Sauti yake inafika, jibu linarudi. Nyumba za mawe za Lamu misana yake, kumbi zile ndefu nyembamba za ndani, ilitengwa kwa mapazia, watu wakaishi na heshima zao humo kwa vizazi, kwa hiyo sikushangaa kwamba nyumba yetu ilizoea haraka.

Na sauti kupita, ambako wengine wanakuona kuwa dosari, kwangu ndiko kulikonifanya niupende mlango huu. Mninga ulipokuwa umefungwa nililala kwa wasiwasi. Mama akikohoa sikusikia, akiita sikusikia, ikabidi niamke usiku kwenda kutega sikio. Sasa nasikia akigeuka kitandani. Akisema "mama wee" kwa sauti ya chini, nafika. Kama unauguza mtu nyumbani utanielewa. Ila sauti inapita pande zote mbili, na redio ya barazani anaisikia yote. Tumekubaliana izimwe saa 3 usiku, na hakuna aliyenung'unika.

Sitaupendekeza kila mahali. Jikoni hapana, iwe mkaa, mafuta ya taa au gesi. Kitambaa kilichokazwa kwenye fremu kikishika moto kinakwenda chote kwa pamoja. Chooni na bafuni hapana, unyevu utaoza pindo. Mlango wa nje wala usiufikirie, na chumba kinachohitaji kufuli kibaki na mlango wake wa mbao. Wala usidhani utazuia mbu. Mwanya wa pembeni unawatosha, kwa hiyo chandarua chenye dawa kibaki juu ya kitanda kama kawaida.

Masika ndiyo mitihani yake. Kuanzia Machi mwishoni hadi Mei nguo hazikauki, na vitone vyeusi vya koga hutokea kwenye pindo za chini na kwenye mifereji ya fito, mahali kitambaa kilipokunjwa tabaka nyingi. Siku ya kwanza ya jua natoa seti yote, naifua na kuianika pande zote mbili. Fito nazo naziweka juani, kwa sababu ufito wenye unyevu ukiurudisha kwenye kitambaa safi, koga inarudi nao. Mbao nilizipaka mafuta ya kitani tabaka nyembamba nyembamba, nikifuta yanayobaki. Vanishi sikuipenda karibu na kitambaa, masika inanata. Mwenye kutumia mafuta hayo aanike matambara aliyofutia yakiwa yametandazwa, asiyafinyange na kuyatupa pembeni, kwa kuwa yakikaa kwenye fundo yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe.

Baada ya mlango wa mama nilitengeneza milango miwili ya kabati la ukutani chumbani kwetu, na hapo nilifuata njia ya maseremala wa Kijapani, ambao milango yao ya ndani ya karatasi na kitambaa hawaitundiki kwenye magurudumu. Inasimama kwenye mifereji iliyochongwa kwenye mbao, mmoja juu na mmoja chini, na siri yake ni kwamba mfereji wa juu una kina kikubwa kuliko wa chini. Mimi nilichonga wa juu milimita 15 na wa chini milimita 4. Unaunyanyua mlango, ukingo wake wa juu unazama kwenye mfereji, wa chini unatoka, unauvuta kwako. Hakuna skrubu. Kabatini hakuna anayekanyaga, mfereji wa chini haumdhuru mtu, na mchanga unafutwa kwa kitambaa kibichi. Nasugua mshumaa mkavu ndani ya mifereji kila milango inapoanza kuwa mizito, na hilo linatosha. Upana wa mfereji niliuacha uzidi unene wa fremu kwa milimita 3, kwa ajili ya masika.

Jirani yangu wa barabara ya pili aliuona wa mama akataka wake, kwa chumba ambacho binti zake wawili wanalala upande mmoja na mdogo wao wa kiume upande wa pili. Nyumba yake ni ya miti na udongo iliyopigwa plasta. Ukuta kama huo haushiki plagi. Utatoboa, skrubu itaingia, na mlango ukivutwa mara mbili plasta itamwagika na udongo wake. Kwa hiyo hatukuugusa. Tulisimamisha nguzo mbili za inchi 2 kwa 4, tukazikaza kwa kabari kati ya sakafu na boriti ya dari, tukaunganisha kwa mti wa kulala juu, na reli ikafungwa kwenye mti huo. Chini ya kila nguzo tuliweka kigae cha zege ili mchwa wasipande. Sehemu inayobaki, kutoka nguzo hadi ukutani, ni fremu nyingine ya kitambaa isiyotembea, yenye fito na vigingi vilevile. Siku wakihama wanagonga kabari, wanabeba kila kitu. Binti mkubwa amechagua kitenge chenyewe, cha buluu na manjano, na amekuja kwangu kujifunza kupiga pindo la mfereji. Mshono wake wa kwanza umenyooka.